Kumbe Ina Pete

Kwa miaka mingi darubini yangu kuukuu niliiongoza kwa mkono. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ukikuza mara 100, Zohali inakatiza kwenye lenzi kwa dakika kama 2 tu, halafu haipo. Unazungusha skrubu taratibu, unaifuata. Kazi ile niliionea fahari. Nilihisi kabisa ardhi inanitembeza.

Juzi nimefunga mota ndogo ya betri kwenye mhimili wa stendi. Usiku wa kwanza nilisahau kuwa sisi wa Dar es Salaam tuko kusini mwa ikweta. Swichi nikaiacha kwenye kaskazini, Zohali ikakimbia kasi maradufu! Nikaigeuza. Ikatulia tuli.

Badala ya kufurahi, nikanyong'onyea. Kitu nisichokihangaikia, nimekiona kweli?

Mama akaja kuchungulia. Zamani nilikuwa namharakisha: "Mama, wahi, inapotea!" Macho yake huchelewa kuzoea giza. Angeinama kidogo, aseme, "Nimeiona, mwanangu," nami nikaridhika. Safari hii aliinama muda mrefu, kimya. Kisha akauliza: "Kumbe ina pete?"

Miaka yote ile, basi, hakuwa ameona kitu. Alinisitiri tu.

Skrubu yangu naikumbuka, sikatai. Juhudi ina utamu wake. Lakini ule utamu niliuonja mimi, na aliyeulipia ni mama. Je, ndugu msomaji, ni mangapi mengine tunayaita maadili ya kazi, kumbe gharama yake anabeba mwingine?