Kipepeo au Kereng'ende: Nani Mfano wa Toba?

Ndugu msomaji, ukitoka Nengo hapa Gisenyi ukafuata ufuo wa Ziwa Kivu kuelekea kusini, utafika pale Mto Sebeya unapoingia ziwani. Kando ya mto kama huu wadudu wawili huweza kumchanganya mtazamaji: kipepeo na yule kereng'ende mwembamba. Kwa kawaida wote wawili wakitua hukunja mbawa juu ya mgongo.

Katika mawaidha tunampenda zaidi kipepeo. Kiwavi hujifunga ndani ya ganda, kisha hutoka na mbawa za rangi. Tunasema, hivyo ndivyo mja anavyotubu. Mfano huu ni mzuri, lakini una hatari yake. Kijana hutoka Ramadhani akijiona ameota mbawa. Shawwal haijaisha, Alfajiri zimeanza kumpita usingizini. Hujiambia, "Toba yangu haikuwa ya kweli," akaacha kabisa.

Kereng'ende haingii ndani ya ganda. Utotoni huishi majini, akiwinda na kupumua kwa matamvua matatu yaliyo mkiani. Hujivua ngozi mara nyingi, na kila mara huonekana yule yule, ila amekua kidogo na vichipukizi vya mbawa vimerefuka. Siku moja hupanda juu ya unyasi, akajivua mara ya mwisho, akaruka. Nani atasema zile ngozi za mwanzo zilikuwa bure? Hata kipepeo hakuanza ndani ya ganda: chanzo cha mbawa zake kilikuwamo mwilini tangu akiwa kiwavi.

Kereng'ende ana somo la pili. Kipepeo hutua kwenye tope la mtoni, akafyonza chumvi, akaondoka. Mtoto wa kereng'ende hana pa kwenda. Maji yakichafuka, huangamia kwa uchafu asioutia yeye. Ndiyo maana wataalamu huwatazama hawa ili kujua afya ya mto.

Basi kabla ya kuuliza kwa nini ndugu yetu habadiliki, tuulize anaishi katika maji gani. Analala chumba gani, na akina nani? Aliporudi nyuma tulimshika mkono, au tulimcheka?

Atasema mtu: kila mja atahesabiwa kwa amali zake. Ni kweli. Na miongoni mwa amali zetu ni yale tuliyoyamwaga ndani ya maji ya wenzetu.

Wabillahi tawfiq.