Maji Yaliyobaki ni ya Nani?

Siku ya zamu yangu, maji ya ndiva, bwawa letu la pamoja la kumwagilia, yanajaza dimbwi nililolitandika nailoni. Kutoka hapo mwanangu anayapandisha kwa pampu ya miguu hadi kwenye tangi lililokaa juu ya jukwaa la miti. Yakishafika juu yanajishukia yenyewe: yanapita kwenye chujio, yanaingia kwenye mipira iliyolazwa kando ya mashina ya nyanya, na kila tundu linadondosha kama lita moja au mbili kwa saa. Udongo unalowa penye mizizi tu. Nilipokuwa nafungulia mfereji, mchanga wetu huu wa tambarare za Same ulikunywa sehemu kubwa ya zamu kabla ya shina la kwanza kuonja.

Sasa zamu nyingine inafika na dimbwi bado lina maji. Mwanangu ameyaona. "Mama, tuongeze nusu eka ya vitunguu. Si maji yetu haya?"

Swali lake ni la dini kabla ya kuwa la kilimo. Bukhari amepokea kisa cha Zubayr bin Al-Awwam, aliyegombana na mmoja wa Ansari juu ya mifereji ya Harra, Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (S.A.W.) akamwambia amwagilie, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani. Ansari akanung'unika kwamba Zubayr amependelewa kwa ajili ya undugu wake na Mtume. Hapo ndipo Zubayr alipopewa haki yake kamili: ayazuie mpaka yafike kingo za shamba. Wanazuoni wakakadiria kina hicho kuwa cha vifundo vya miguu.

Mimi naelewa hivi: wa juu ana haki ya kutangulia, lakini haki hiyo ina kikomo, na kikomo chenyewe ni haja ya shamba. Mipira imepunguza haja yangu. Basi na haki yangu imepungua. Kinachozidi ni ziada, na Mtume amekataza kumnyima mwenzio maji ya ziada.

Najua jibu la wengi: nimenunua mipira kwa fedha zangu, nilichookoa ni changu. Lakini maji tuliyosema yamepotea mferejini hayakupotea yote. Mengine yalizama yakaibukia visimani na vijitoni huko chini. Yasiyorudi ni yale yanayonywewa na mmea yakapaa kupitia majani. Nikilima nusu eka zaidi kwa "akiba" yangu, jirani wa chini huenda akapata machache kuliko nilipokuwa namwaga ovyo, na huku nasifiwa msikitini kwamba sifanyi israfu. Hilo linanitisha. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alieleza jambo la namna hii kuhusu makaa ya mawe: injini zilipohitaji makaa machache, nchi ilichoma mengi zaidi.

Simzuii mwanangu kutafuta riziki. Vitunguu vina bei, na ana watoto. Nimemwambia ombi lake alipeleke kwenye kamati ya ndiva, wa chini wakiwapo. Wakikataa, tutachukua zamu fupi na kuyaacha maji yapite.

Nanyi maimamu na wachungaji wa Upare, mnapowahimiza waumini wasipoteze maji, waambieni pia kwamba yaliyookolewa yaanze kufika kwa walio chini.