Je, Fundi wa Bunduki Ana Sehemu ya Dhambi?

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, kinamtaja Tubal-kaini kuwa mfuaji wa vyombo vya shaba na chuma. Mstari unaofuata, Lameki baba yake anawatambia wake zake kwamba ameua mtu. Maandiko hayasemi kama aliua kwa chombo cha mwanawe, wala hayamlaumu mhunzi. Yanaiweka mistari hiyo miwili pamoja na kumwachia msomaji swali. Watu wa ukanda wa Shinyanga na Geita wana sababu ya kulitafakari. Huku ndiko Warongo walikoyeyusha chuma katika matanuru ya udongo, wakafua majembe yaliyolima Usukuma, na kwa moto uleule wakafua mikuki na vyembe vya mishale. Chuma cha Ulaya kiliwaondolea soko, lakini uhunzi wa silaha haukufa: magobore ya kienyeji yameendelea kuundwa kwa siri katika mapori ya magharibi mwa nchi. Je, anayeunda chombo cha kuulia ana fungu katika damu inayomwagwa nacho?

Jibu jepesi ni kwamba chuma hakina nia, mwenye kosa ni mtumiaji. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alikaribia hapo. Alisema anayetengeneza kitu kisichoweza kutumika bila dhambi, mfano sanamu ya kuabudiwa, anatenda dhambi. Lakini upanga na mshale hutumika kwa mema na kwa mabaya, hivyo kuvifua si kosa. Usukuma umetoa ushahidi mchungu wa hoja hiyo. Kwa miongo mingi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa jikoni, na silaha mara nyingi imekuwa panga, lilelile la kufyekea shamba. Hakuna anayemshtaki mwenye duka la mapanga, na ni haki. Lakini ni haki kwa sababu mbili: kazi ya kila siku ya panga si kuua, na aliyelitengeneza hamjui atakayelishika. Tukiziondoa sababu hizo, kinga ya fundi inabaki wapi?

Bunduki ya kuwindia inayotengenezwa kwa oda inaziondoa zote mbili. Mafundi wa London, na wa Ferlach kule Austria, bado hujenga juu ya mtambo wa Mauser wa mwaka 1898, wa kukoki kwa mkono kila risasi. Kitako hutokana na gogo la mjozi lililokaushwa kwa miaka. Fundi hupaka chuma masizi, akakibonyeza ndani ya mti, akakitoa. Palipobaki doa jeusi ndipo anapokwangua kwa patasi, kidogo kidogo, mpaka mti na chuma vikae bila mwanya. Na kabla ya kuchonga amempima mteja: umbali wa bega hadi kidole cha kufyatulia, urefu wa shingo, namna shavu linavyolala, jicho analolengea. Aliyempima mwenzake kiasi hicho hawezi kusema alikuwa mgeni kwake, wala hawezi kudai hakujua kwamba chombo kimeundwa ili kiue.

Hapa mapokeo ya dini yanasema zaidi ya lile jibu jepesi. Katika Uislamu, hadithi ya Mtume iliyopokewa na Uqba bin Amir inaeleza kuwa mshale mmoja huwaingiza peponi watu watatu: aliyeutengeneza akitarajia kheri, anayeupiga na anayempa mpigaji. Sharti la kutarajia kheri limewekwa kwa mtengenezaji. Hakuachwa nje ya hesabu. Naye sahaba Imran bin Huswain alichukia kuuza silaha wakati wa fitina, yaani Waislamu wanapopigana wao kwa wao. Silaha ni ileile. Kilichobadilika ni mnunuzi na hali aliyomo. Kwa hiyo wajibu wa fundi hupanda na kushuka kwa kadiri anavyoweza kumjua anayemtengenezea. Mikhail Kalashnikov, ambaye bunduki yake ilisambaa kwa mamilioni, alimwandikia kiongozi wa Kanisa la Othodoksi la Urusi mwishoni mwa maisha yake akiuliza kama vifo vilivyosababishwa nayo vilikuwa juu yake. Wakati huo hapakuwa na mteja wa kumkatalia.

Kumjua mtu, hata hivyo, si dhamana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi, wanavijiji wa Kahama na jirani zao waliunda Sungusungu, wakilinda kwa pinde na mishale. Silaha zilitengenezwa kijijini na walengaji walijulikana, lakini walikuwepo washukiwa waliouawa bila kuhukumiwa. Ujuzi haumzuii mwovu. Unachofanya ni kumwondolea fundi udhuru wa kukaa kimya, na kumpa nafasi ya kukataa.

Atatokea wa kusema kwamba kipimo hiki kinawapendelea matajiri: mwindaji wa kitalii mwenye kitako cha mjozi anatakaswa, na mkulima wa Bukombe anayelinda mihogo yake dhidi ya nguruwe pori anaitwa jangili. La. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaweza kuwatenga, lakini dhamiri inawauliza jambo moja. Mhunzi anayemjua jirani yake na shamba lake amekaribia usafi kuliko bingwa wa London anayeuza kwa yeyote mwenye fedha. Tofauti iko kwingine: gobore linalorusha vipande vya chuma humjeruhi mnyama, akaenda kufia porini siku kadhaa baadaye. Uislamu unaagiza kunoa kisu ili mnyama asiteseke, na agizo hilo linamfikia pia mtengeneza bunduki. Kitako kinachokaa sawa begani kinasaidia risasi kufika inapotakiwa, na hapo ustadi wa mikono huwa sehemu ya wema. Urembo wa mti peke yake hauoshi chochote.

Mwingine atasema bunduki huishi kuliko mwenyewe. Hurithiwa, huibwa, huuzwa. Ni kweli, na ndiyo maana Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inataka silaha itiwe alama pale inapotengenezwa. Namba iliyochongwa kwenye chuma inahamisha ujuzi wa fundi kwenda kwa watakaofuata. Akishaichonga na kuiandika kwenye daftari, ametimiza sehemu yake. Anayeificha amejitwika ya wote.

Hukumu basi ni kwamba kuunda bunduki si dhambi, lakini kuiunda bila kujali ni ya nani ni dhambi, iwe karakana iko London au porini Kahama. Fundi asiyetaka kumuuliza mteja anakwenda kuifanyia nini, na aiache kazi hiyo.