Sauti ya Nani?

Mtoto wa miaka miwili au mitatu hasomi, husomewa. Kwa hiyo watu wazima wanapobishana kama kitabu cha karatasi ni bora kuliko kile cha kielektroniki kilichomo katika simu au kishikwambi, mara nyingi humsahau msomaji, yule anayempakata mtoto.

Mwaka 2019 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa Tiffany Munzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan. Wazazi 37, kila mmoja na mwanawe mdogo, walisoma vitabu vya aina tatu: vya karatasi, vya kielektroniki visivyo na mbwembwe, na vyenye sauti na picha zinazocheza. Penye kioo, mazungumzo juu ya hadithi yalipungua, na maneno juu ya chombo chenyewe, pamoja na makatazo, yakazidi. Aliyewahi kumsomea mtoto kwenye simu hatashangaa. "Usibonyeze!" "Wacha, utaifunga!" Sungura na Fisi wamo humo humo, wanangoja ugomvi uishe.

Linalopotea hapo ni kubwa kuliko msamiati. Mtoto anapomkatiza msomaji kwa kuuliza kwa nini Fisi analia, naye akajibiwa, hutambua kwamba neno lake lina uzito wa kusimamisha kisa cha mtu mzima. Hiyo ni heshima, na huionja kabla hajaijua kwa jina. Sauti iliyorekodiwa huendelea tu, hata msikilizaji akiwa amekwisha kusinzia.

Hata hivyo, wapenzi wa karatasi (na washairi wamo, maana ndoto yao ni kupigwa chapa) wasijipe ushindi mapema. Katika nyumba za visiwani yumo bibi aliyesoma chuo cha Kurani, msahafu haumpigi chenga, lakini herufi za Kilatini hakufunzwa. Kitabu cha hadithi mkononi mwake ni picha tupu. Simu inayosoma kwa sauti humketisha pamoja na mjukuu wake wasikilize wote wawili. Na akiizima katikati akasema, "Sisi hatukuhadithiwa hivyo," basi hadithi imempata mwenyewe. Tena vitabu vya watoto vya Kiswahili havifiki kila duka. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa hadithi za Kiswahili bure, za kusomwa kwenye kioo au kuchapwa karatasini. Kuzikataa kwa ajili ya harufu ya wino ni anasa.

Yupo pia mama aliyeshinda kwenye mwani, anayempa mwanawe simu ili apate kunyoosha mgongo. Hana wa kumlaumu. Ila usiku huo mtoto ametulizwa, hakusomewa, na haifai mambo hayo mawili kuitwa kwa jina moja. Kusomewa kumebaki deni. Laweza kulipwa kesho yake kwa kitabu kilichochanika jalada, au kwa simu ile ile, sauti yake ikiwa imezimwa na mama akisoma mwenyewe.