Mnyoo Bapa na Mgeni

Je, maumbile yanatufundisha kumkataa mgeni? Swali hili nimelisikia likijibiwa kwa haraka mno katika vibaraza vya Ujiji, na wanaojibu mara nyingi ni watu waliosoma. Hoja yao ni nyepesi: mwili wenye afya humtambua asiye wake na kumwangamiza, taifa nalo ni mwili, basi wakimbizi warudi kwao. Mwaka 2015 mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani aliniambia hivyo, akaongeza, "Mwalimu, haya si maneno yangu, ni ya baiolojia." Kwa kuwa somo hilo ndilo lililonilisha miaka mingi, msomaji aniruhusu nilisemee kidogo.

Tumchukue kiumbe anayedharauliwa, mnyoo bapa. Jamaa yake mmoja, planaria, huishi chini ya mawe katika maji baridi, na urefu wake ni kama sentimeta moja. Ukimkata vipande, kipande huota mnyoo mzima. Hana damu, hana mapafu, wala hana kinga ile ya kujifunza tuliyo nayo sisi, ambayo humkumbuka adui kama surua maisha yote, na ambayo chanjo huitegemea. Kinga yake ni ya kuzaliwa nayo: ute unaomfunika, na chembehai zinazowameza bakteria na kuwayeyusha. Mwaka 2014 watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliwalisha planaria bakteria wanaotuua sisi, wakiwamo wa kifua kikuu, na baada ya siku kadhaa minyoo ile ikawa imewamaliza. Walipoizima jeni moja iitwayo MORN2, mnyoo akashindwa na baadhi yao. Jeni hiyo hata sisi tunayo, na ilipoongezwa nguvu katika chembehai zetu za kumeza vijidudu, nazo zikawamudu zaidi bakteria wa kifua kikuu. Hii ni habari ya kustaajabisha, na nasikitika kwamba haikuwapo nilipokuwa nafundisha.

Hapo mwanafunzi wangu angesema, "Si unaona?" Lakini hajamaliza kusoma. Planaria huyo huyo ana bakteria wake anaoishi nao siku zote, na uwiano wao ukivurugika nyama zake huharibika, hata kuota upya kunamshinda. Sisi nasi tumebeba bakteria ambao idadi yao inakaribiana na ya chembehai zetu wenyewe. Wengi wamo tumboni, na walikuja kutoka nje baada ya sisi kuzaliwa. Mwili unaowashambulia hao wote ni mwili mgonjwa.

Tena yupo mnyoo bapa mwingine ambaye watu wa mwambao wa Tanganyika wanamjua kwa maumivu, yule wa kichocho cha tumbo. Hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, kisha hukaa miaka katika mishipa ya damu ya utumbo. Silaha yake moja ni kujivika vitu vya damu yetu, hata kinga imdhanie mwenyeji. Anayelinda mlango kwa kuuliza tu nani anafanana naye, huyu atampita.

Na katika Ujiji, nani afanane na nani? Wamanyema walivuka ziwa kutoka Kongo katika karne ya 19, wengine wapagazi, wengine watumwa. Leo ukimwita mjukuu wao mgeni, mji mzima utakucheka. Mwaka 2014 Serikali ilikuwa imekwisha kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mauaji ya 1972, pamoja na watoto wao.

Sisemi kwamba wanaolalamika hawana sababu. Kuni zimepungua, mashamba yameibiwa mazao, visima vina foleni. Hayo ni madai ya haki na yazungumzwe kwa majina yake: kuni, mazao, maji. Kinachonikera ni kuyavika joho la sayansi. Chembehai inapommeza bakteria haina hiari, na hakuna atakayeilaumu. Diwani anayepiga kura ana hiari, na ataulizwa.

Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na ziwa, wakinywa maji ya ziwa, vyoo hakuna. Kipindupindu kikaingia, kabla mwezi haujaisha watu wapatao 3,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 30 wamekufa. MV Liemba, meli ile ya tangu enzi za Wajerumani, ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Wagonjwa walipewa maji yenye chumvi na sukari, na waliozidiwa wakatundikiwa dripu. Wenyeji nao waliugua, kwa kuwa maji waliyokunywa yalikuwa yale yale.