Mzee Mwenye Cha Kugawa

Bunagana, mji wa mashariki mwa Kongo mpakani na Uganda, imekimbiwa na kurudiwa mara nyingi mno. Waasi wa M23 waliuteka mji huo Julai 2012. Oktoba 2013 jeshi la serikali likaurudisha mikononi mwake, likisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye wanajeshi wa Tanzania. Tarehe 13 Juni 2022 M23 wakauteka tena. Kila mara watu walivuka mpaka kuingia Kisoro, Uganda, au wakashuka kuelekea Rutshuru na Goma. Wazee wengine walibebwa mgongoni. Wengine walikataa katakata kuondoka.

Kukataa huko wengi hukuita ukaidi, nami siafiki. Mzee anajua kwamba kambini kuna turubai, unga na pengine vidonge vya presha, na kwamba kijijini kuna risasi. Ikiwa maisha mema ya uzeeni ni chakula, dawa na usalama basi, amekosea hesabu. Lakini anahesabu na mengine.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 24 la kupima ubora wa maisha ya wazee. Linagusa macho na masikio, uhuru wa kujiamulia mambo, kuwa na watu, kupenda na kupendwa, na kifo pia: je, unahofia namna utakavyokufa? Kwa mzee wa vilima vya Jomba, kando ya Bunagana, swali hilo limebeba jingine: nitazikwa wapi, na nani atakayelijua kaburi langu?

Na hesabu yake haiishii kaburini: tazama mbegu. Bibi wa vilima hivi huchagua maharagwe punje kwa punje, akatupa yenye tundu, yaliyobaki akayachanganya na majivu ili wadudu wasiyale. Anajua yapi yanapenda mteremko na yapi yanahitaji miti mirefu ya kutambalia. Msimu ukifika, wakwe na majirani humjia na vikapu. Magoti yanamuuma na macho yamefifia, lakini watu hawawezi kupanda bila kupita mlangoni pake. Mhamishie kambini umpe maharagwe ya msaada: atashiba, ila hakuna tena anayemhitaji. Njaa hiyo mgao hauitibu.

Ng'ambo ya kizuizi cha mpaka, Uganda huwapa raia wake wenye miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi. Ni pesa kidogo, lakini naipenda kwa sababu moja: bibi anayeipokea anaweza kumnunulia mjukuu daftari, na mjukuu akajua limetoka kwa bibi. Upande wa Kongo, mkulima ambaye hakuwahi kuajiriwa hana pensheni. Shamba ndilo pensheni yake, ndilo urithi wa kugawia watoto, ndilo pia makaburi ya wazazi wake. Vita vikimtoa hapo vinamnyang'anya vyote vitatu siku moja.

Sisemi aachwe chini ya mabomu. Abebwe, hata kwa kubembelezwa usiku kucha. Ila akifika kambini akaulizwa jina, umri na ugonjwa, aulizwe pia anajua kufanya nini: kuhifadhi mbegu, kuzalisha, kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Na apewe kipande cha ardhi, hata kama hakizidi ukubwa wa kitanda. Kinatosha kuotesha maharagwe ya kumpa jirani.