Nani Yuko Mkiani?

Ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro upo mnara wa mawe juu ya kaburi la Michael Grzimek, aliyekufa Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tumbusi. Marubani tunawakumbuka, na ni haki. Lakini ndege ina watumishi wa chini pia, nao hatuwajui.

Mmoja wao alikuwa Margaret Horton, wa Jeshi la Anga la Uingereza. Mwaka 1945, vita vikiendelea, alikalia mkia wa Spitfire katika uwanja wa Hibaldstow. Ulikuwa utaratibu wa kawaida siku ya upepo mkali: uzito wa mtu ulizuia mkia usiinuke ndege ikiwa bado inatembea chini. Alipaswa kushuka kabla ya kuruka. Rubani hakujua kuwa bado yuko pale, akaruka naye. Margaret aling'ang'ania mkia hadi ndege ilipotua, akashuka mzima.

Tumshukuru Mungu. Lakini je, kuokoka kwake kunafuta swali? Rubani hakuwa mtu mwovu. Hakujua tu. Nami naamini kutojua si dhambi daima, ila kukaa bila kuuliza, wakati uzito wa mwenzako ndio unaokushikilia, ni dhambi.

Sisi nasi tunabebwa: na kibarua wa vitunguu Mang'ola, na binti wa kazi nyumbani. Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Basi kabla hujaruka, geuka nyuma, uulize: nani yuko mkiani?